Hamsta hapati hedhi

"Si yuko kwenye siku zake tu, daktari?" Nimeulizwa tena wiki hii, huku mgonjwa mwenyewe, hamsta jike (mnyama mdogo wa kufugwa, wa jamii ya panya), amejikunyata pembeni ya kiboksi, manyoya yamemsimama, tumbo limejaa na uti wa mgongo unahesabika. Alikuwa na siku 4 za matone ya damu kwenye matandazo.

Hamsta hapati hedhi. Hata kidogo. Mzunguko wake ni wa siku 4 hivi, na ukuta wa kizazi haubomoki ukatoka kama wa mwanamke. Ukiona damu ukeni au kwenye mkojo, ni ugonjwa: usaha kwenye kizazi, uvimbe, maambukizi ya kibofu au mawe. Usaha usipopata njia ya kutoka huoni kitu chochote, ila tumbo linakua na mnyama anakonda. Antibiotiki peke yake mara nyingi humtuliza kwa muda tu. Tiba hasa ni kutoa kizazi na ovari, na upasuaji huo namfanyia kwa moyo mkunjufu hamsta ambaye bado anakula, si aliyesubirishwa eti siku zake "zikate". Na ile amoksilini iliyobaki kabatini muiache hukohuko. Dawa za jamii ya penisilini huvuruga bakteria wa utumbo wa hamsta, na zinaweza kumuua kabla ya huo usaha.

Cha ajabu, ute wa kawaida wa ukeni ndio unaowatia watu kiwewe. Mweupe, mzito, unavutika kama uzi, unanuka; hutoka baada ya yai kupevuka, siku moja kati ya nne. Tia alama kwenye kalenda. Ukitoka kila siku, au ukigeuka njano au kahawia, mlete. Kama hujui rangi yake, mlaze usiku mmoja juu ya karatasi nyeupe ya chooni isiyo na manukato. Ushauri huu nautoa mpaka wasaidizi wangu wananicheka.

Na mengine ninayoambiwa: "Azae mara moja kwa afya yake": hakuna faida hiyo.

"Ni ndugu, hawapandani": wanapandana. Jike wa wiki 5 anaweza kushika mimba, na hamsta wa Siria huibeba siku 16 tu. Watenganishe mapema.

"Mama amekula watoto, ana roho mbaya": mara nyingi ni nyinyi mliochungulia kiota kila saa. Akiwatia mashavuni anawahamisha tu, kwa hiyo ondokeni hapo.