Kiinitete kinachojifunga breki

Masika yakishika, kwenye madimbwi ya pwani yetu huibuka samaki wadogo wenye rangi kali ambao hakuna mto uliowaleta. Wengine husema wameanguka na mvua, na siwacheki: dimbwi lilikuwa vumbi tupu kwa miezi, leo lina samaki. Ni jamii ya Nothobranchius, na Zanzibar ina wa kwake, Nothobranchius guentheri. Kiangazi chote walikuwa papo hapo, ndani ya mayai yaliyofukiwa kwenye tope.

Sisi tunaosomea ukuaji wa viinitete, yaani viumbe wanaoanza kujengeka ndani ya yai, tunawapenda kwa sababu wanavunja kanuni tunayowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba yai likisharutubishwa safari imeanza na haina kituo. Hawa wana vituo vitatu, na John Wourms ndiye aliyevipanga mwaka 1972. Katika cha kwanza, ukichungulia kwa hadubini huoni samaki kabisa. Unaona seli zilizotawanyika juu ya kiini cha yai, kila moja na njia yake. Katika cha tatu samaki amekamilika, jicho lina duara la rangi ya dhahabu, anangoja maji tu.

Cha pili ndicho cha ajabu. Ubongo umeanza, pingili za misuli zimejipanga mgongoni, moyo unadunda. Halafu kila kitu kinapunguzwa, hata moyo wenyewe unadunda kwa nadra sana. Kiinitete kinaweza kukaa hivyo miezi mingi.

Zamani ilitosha kusema kwamba kinabana matumizi. Mwaka 2020 kundi la Anne Brunet, Chuo Kikuu cha Stanford, lilichapisha katika jarida la Science utafiti wao juu ya binamu wa samaki wetu, Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji. Waliona kwamba wakati wa kusimama kuna jeni zinazoongeza kazi, mojawapo CBX7, ambayo protini yake husaidia kuamua jeni zipi zifungwe na zipi zifunguliwe. Walipoiharibu, viinitete vilivyosimama vilishindwa kuitunza misuli yake. Kwa hiyo kusimama nako ni kazi, tena ya kila siku. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba waliosimama muda mrefu walikuja kukua, kuzaa na kuishi sawa na wenzao ambao hawakusimama. Samaki huyu maabara huishi miezi michache tu. Anaweza kukaa ndani ya yai muda mrefu kuliko atakavyoishi nje, na muda ule wote hauhesabiwi katika uzee wake.

Mwaka 2024, katika jarida la Cell, Brunet na wenzake waliuliza mpango huu ulitoka wapi. Tabia yenyewe ni changa, haijafikisha miaka milioni 18. Lakini jeni nyingi zinazotumika ni nakala pacha zilizojirudufu zaidi ya miaka milioni 470 iliyopita, kabla hata wanyama wa uti wa mgongo hawajapanda nchi kavu. Kilichobadilika hasa ni swichi zinazoziwasha. Mimi hapo ndipo naona uzito wa utafiti wote, ingawa magazeti yalikimbilia habari za kurefusha maisha.

Jambo jingine: mayai ya mama mmoja hayakubaliani. Mengine husimama, mengine hupitiliza, na joto likipanda wanaopitiliza huongezeka. Mvua ya uongo ikinyesha na kukatika, wenye haraka wanakufa, waliolala wanabaki.

Ndiyo maana tathmini ya mazingira inayofanywa kiangazi hunitia shaka. Mkaguzi anafika, anaona kibonde kikavu, anaandika hakuna samaki, wiki ijayo kifusi kinamwagwa. Achote kwanza udongo wa katikati ya kibonde, pale panapokauka mwisho, autazame kwa lenzi. Mayai ni madogo, kama milimita moja hivi, lakini mwenye subira anayaona.