Sukari ya Tokaji haitoki dukani

"Humu wametia sukari kiasi gani?" Kila nikimimina Tokaji Aszú, mvinyo mtamu wa Hungaria, swali ni hilo. Wateja huuliza, na wahudumu wa hoteli ninaowafundisha huuliza pia, watu ambao kesho yake ndio watakaowaeleza wageni mezani. Jibu langu ni fupi: hawajatia hata punje. Sheria ya Tokaj, eneo la mizabibu lililo kaskazini mashariki mwa Hungaria, inakataza kuongeza sukari kwenye aszú. Tena hakuna anayeihitaji, kwa sababu zabibu zenyewe hufika kwenye kinu zikiwa na sukari nyingi kuliko chachu inavyoweza kumaliza.

Naelewa dhana hii inatoka wapi. Mvinyo mtamu wa bei nafuu mara nyingi huongezwa utamu ukishachacha, ama kwa sukari ama kwa juisi ya zabibu iliyokolezwa. Aliyeanza na huo hudhani kila mvinyo mtamu umepita njia hiyo. Tokaji haipiti huko. Kazi yake kubwa inafanyika shambani.

Mito ya Bodrog na Tisza inakutana penye mji mdogo wa Tokaj. Vuli ikiingia, ukungu hupanda kutoka mitoni alfajiri na kutanda juu ya mizabibu iliyopandwa kwenye miteremko ya milima ya Zemplén. Unyevu huo huamsha kuvu iitwayo Botrytis cinerea. Mchana jua hutoka, upepo huvuma, majani hukauka. Kuvu hutoboa ganda la zabibu kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, maji hutoka kidogo kidogo, na tunda husinyaa. Kinachobaki ndani ni sukari na asidi, vyote vimekolea. Kuvu yenyewe pia hubadilisha harufu ya tunda, ndiyo maana ukiinusa glasi unakutana na asali, aprikoti, ganda la chungwa, wakati mwingine zafarani. Nionyeshe gunia la sukari linaloweza kukupa hayo.

Mvua ikizidi na jua likakosekana, kuvu hiyo hiyo huozesha vishada vyote na hakuna cha kuokoa. Kwa hiyo ipo miaka ambayo aszú hupatikana kidogo sana, na mingine wenye mashamba huamua kutotengeneza kabisa. Kama ingekuwa ni kutia sukari tu, nani angekubali hasara hiyo?

Zabibu zilizosinyaa, ambazo ndizo huitwa aszú na kuupa mvinyo jina, huchumwa kwa mkono punje moja moja, si kishada kizima. Wachumaji hurudia mstari ule ule wa mizabibu mara kadhaa, mara nyingi kuanzia Oktoba hadi Novemba, kwa kuwa punje hazisinyai zote kwa pamoja. Kisha punje hulowekwa kwenye juisi mbichi, au juisi inayochacha, au mvinyo wa mavuno hayo hayo, hadi ziachie utamu wake, ndipo hukamuliwa. Chachu hula sukari mpaka inaelemewa: sukari bado ni nyingi, na kilevi ilichokitengeneza yenyewe kinaibana. Ikisimama, sukari iliyobaki ndiyo unayoionja. Kanuni za sasa zinataka aszú iwe na angalau gramu 120 za sukari kwa lita, na ikae kwenye mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miezi 18.

"Basi imeishinda hata soda," wananiambia, na ni kweli. Soda ya kola huwa na gramu mia moja na kitu kwa lita. Lakini utamu bila uchachu hauna maana, na hapa ndipo inapoingia Furmint, zabibu kuu ya Tokaj. Huchelewa kuiva, ina asidi kali kwa asili, na kusinyaa kunaikoleza zaidi. Asidi hiyo hufanya utamu upite ulimini bila kunata. Aszú nzuri hujaza mate mdomoni, ukatamani funda jingine. Mvinyo ulioongezwa sukari hukuchosha kabla glasi haijafika nusu. Mimi hupima hivyo, na nawasihi wanafunzi wangu waache kusoma lebo kwanza, waonje, wasikilize mate.

Mwenye kisukari asichukue maneno haya kama ruhusa. Sukari iliyotoka shambani ni sukari, na mwili huihesabu vilevile. Mililita 60 au 75 zinamtosha mtu yeyote.

Ipo pia dhana ya kwamba imetiwa pombe kali, kama inavyofanyiwa port, mvinyo wa Ureno. Hii ina chanzo: wakati wa ukomunisti kiwanda cha serikali kilikuwa kikiongeza pombe na kuupasha moto mvinyo ili usichache tena. Zama hizo zilikwisha baada ya 1990. Aszú ya leo mara nyingi huwa na kilevi cha kati ya asilimia 9 na 12, chote kimetokana na zabibu.

"Tokaji ni aina ya zabibu." Hapana. Ni mvinyo wa eneo la Tokaj. Zabibu zinazoruhusiwa ni sita, zote nyeupe: Furmint, Hárslevelű, Sárgamuskotály, Kövérszőlő, Zéta na Kabar. Hárslevelű ni mtoto wa Furmint na hulainisha ukali wa mzazi wake. Sárgamuskotály huleta harufu ya maua. Mkanganyiko ulikuzwa na majirani: Waitaliano wa Friuli walikuwa na Tocai yao, Wafaransa wa Alsace na Tokay Pinot Gris, mvinyo usio na uhusiano wowote na Furmint. Kuanzia 2007 Umoja wa Ulaya uliwazuia kutumia majina hayo. Slovakia ni jambo jingine, maana sehemu ndogo ya eneo lenyewe iliangukia upande wao mipaka ilipochorwa upya baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Nambari ya puttonyos inayoandikwa kwenye lebo si nyota za hoteli. Puttony ni beseni la mgongoni la mchumaji, kama kilo 25 za punje za aszú, na zamani walihesabu ni mabeseni mangapi yameingia kwenye pipa la kienyeji liitwalo Gönc, la lita 136. Leo nambari inaeleza sukari tu: 5 ni gramu 120, 6 ni gramu 150. Kanuni za 2013 ziliondoa 3 na 4, kwa hiyo chupa ya zamani yenye 3 haimaanishi mvinyo duni. Ukiipata imetunzwa vizuri, inunue.

Eszencia nayo husemwa kuwa ndiyo "kali kuliko zote". Ni kinyume chake. Ni juisi inayodondoka yenyewe kutoka kwenye punje za aszú bila kukamuliwa, yenye gramu 450 za sukari kwa lita au zaidi. Chachu huhangaika nayo kwa miaka, na kilevi chake ni kidogo kuliko cha bia nyingi.

Tena si kila Tokaji ni tamu. Kuna Furmint kavu kabisa, na kuna Szamorodni, inayokamuliwa kwa vishada vizima bila kutenga punje, ambayo hutoka tamu au kavu kulingana na mwaka.

La mwisho ni hili la kuiweka aszú pembeni mpaka keki ifike. Keki tamu huua aszú. Ipeleke kwenye jibini ya buluu, maini, au chakula chenye pilipili na nazi. Kuku wa kupaka huipokea vizuri sana. Tumia glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe, si vile vikombe vidogo vya likeri, na uiache kwenye nyuzi 10 hadi 12. Rangi ikiwa ya kaharabu iliyokolea usirudishe chupa dukani, ni umri. Ukishaifungua, ifunike uirudishe kwenye friji. Wiki mbili tatu hazitaidhuru.