Je, wajua kwa nini kuifanya bodaboda ielee ni rahisi kuliko kuiendesha majini?

Pale Lwang'ni, Kisumu, magari yamekuwa yakiingizwa Ziwa Victoria hadi maji yafike kwenye ringi, vijana wakiyaosha kwa ndoo na sabuni. Ukisimama hapo, swali huja lenyewe: dereva akisonga mbele kidogo, gari litazama au litaelea? Na boda je?

Gari litaelea, ila kwa muda tu. Kitu huelea pale maji kinachoyasukuma kando yanapokuwa na uzito sawa na wake, na lita moja ya maji ni kilo moja. Gari dogo la kilo 1,000 likishasukuma lita 1,000, limebebwa. Ndiyo maana mafuriko ya Nyando na Budalang'i hunyanyua gari kabla maji hayajafika dirishani. Baadaye maji hupenya milangoni, na kwa kuwa injini iko mbele, pua ndiyo huzama kwanza.

Pikipiki haina chumba cha hewa, kwa hiyo lazima uitafutie. Piga hesabu: boda ya cc 150 ina kilo 120 hivi, mwendeshaji 75, fremu ya vyuma na mapipa 45. Jumla 240. Mapipa mawili ya plastiki ya lita 200, yaliyofungwa vizuri, yatabeba mzigo huo yakiwa yamezama zaidi kidogo ya nusu. Yakae mbali na pikipiki, moja kila upande, kama zile mbao za pembeni za ngalawa kule Pwani, la sivyo wimbi la kwanza litaipindua. Fundi yeyote wa jua kali anayejua kuchomelea anaweza kuimaliza kazi hiyo.

Kasheshe huanza ukitaka kwenda. Wengi hufikiria kufunga vibao kwenye gurudumu la nyuma ligeuke kasia. Wazo si baya, lakini tazama gurudumu linavyozunguka: sehemu ya chini husukuma maji nyuma, ya juu huyasukuma mbele. Likizama lote, pande hizo mbili zinapigana na boda inabaki palepale ikitoa povu. Kwa hiyo mapipa yafungwe chini kiasi kwamba ni theluthi moja tu ya gurudumu inayoguswa na maji. Njia ya pili ni kuchukua nguvu kwenye spoketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, na kuzungusha propela, ila kwenye Ghuba ya Winam gugumaji litaisokota propela hiyo mpaka uzime injini ulitoe kwa mkono.

Kisha kuna joto. Injini ya boda hupozwa na upepo wa safari. Majini unakwenda kama mtu anayetembea kwa miguu huku injini ikivuta kwa nguvu zote, upepo haupo. Ajabu ni kwamba unaweza kuwa katikati ya ziwa na injini ikakwama kwa kuchemka.

Wenye viwanda walikumbana na mambo yayo hayo. Amphicar ya Ujerumani, iliyouzwa miaka ya 1960, ilikuwa na propela mbili nyuma, na ilikata kona majini kwa kutumia magurudumu ya mbele. Barabarani ilifika kilomita 110 kwa saa, majini kama 13 tu. Chombo kifupi hukwama kwenye wimbi kinalolitengeneza chenyewe, na magurudumu yanayoning'inia chini yanazidi kukivuta. Gibbs Aquada ya Uingereza iliikwepa shida hiyo kwa kukunja magurudumu juu na kuteleza juu ya maji. Mwaka 2004 tajiri Mwingereza Richard Branson alivuka nayo mlango-bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa saa moja na dakika 40 hivi. Mimi lakini nawavulia kofia zaidi Wacuba waliojaribu kufika Marekani mwaka 2003 kwa lori la Chevrolet la 1951 lililofungiwa mapipa matupu, propela ikizungushwa na injini yake lenyewe. Walinzi wa pwani wa Marekani waliwakamata wakiwa bado wanaelea.

Anayetaka kweli kubeba watu kwa chombo cha namna hii ajue kwamba ziwani anaingia mikononi mwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na jaketi la kuokolea maisha si pambo. Kwa safari ya Mbita, feri ya kutoka Luanda Kotieno hubeba magari na pikipiki bila vituko.

Somo moja lakini linamfaa kila mwendesha boda wa Ahero msimu wa mvua. Adui mkubwa ni maji yanayovutwa na eya klina, yaani kichujio cha hewa ya injini. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Yakiingia kwenye silinda, pistoni inakuwa kama imegonga ukuta, na konrodi, chuma kinachoisukuma, inapinda. Wanaojua huinua bomba la kuvuta hewa hadi chini ya kiti au juu zaidi. Boda ikizimika ndani ya maji, usiipige stata. Isukume hadi pakavu, toa plagi, piga kiki mara kadhaa maji yaruke kupitia tundu lake, kausha eya klina, halafu fungua nati ya oili chini. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote, uweke mpya kabla ya kuwasha.