Macho yamekuwa ya njano, unakimbia nini kutoa damu? Maswali ya ini, sampuli na panya

Damu ya wagonjwa wa ini mnaipeleka wapi, si mnaiuza?
Haiuzwi jamani. Nalijibu tena maana hili ndo linatuulia watu hapa Dodoma. Mtu anakuja macho ya njano, mkojo umeiva kama chai ya rangi, akisikia kipimo anaaga anaenda kunywa mizizi, wiki zinapita analetwa amebebwa, tumbo limejaa maji, na kwenye kapu la ndugu imo chupa ya maji ya dukani ina kitu cha kahawia kimebaki robo. Tunachochukua ni kijiko kimoja au viwili vya chai, tunaangalia homa ya ini B na C, manjano imefika wapi, na damu inaganda vipi, maana vitu vya kugandisha damu vingi vinatengenezwa na ini.

Na sampuli za utafiti?
Hizo unaelezwa kwanza, unasaini, na ukikataa matibabu yako yanaendelea vilevile. Kwenye utafiti wa kupandikiza ini wanachukua damu kabla na baada ya upasuaji, wanachukua kinyama kidogo kwa sindano, hata lile ini bovu lililotolewa halitupwi hivihivi, linachunguzwa, na ndo walivyojifunza kujua mwili umeanza kulikataa ini jipya kabla mgonjwa hajazidiwa. Na msisahau 2016, watu wa Dodoma na Manyara walipougua manjano ghafla na wengine wakafa, damu za wagonjwa na mahindi ya majumbani kwao ndo vilionyesha ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Bila sampuli tungekuwa tunasema wamerogwa.

Wanyama wanaingiaje hapo?
Daktari wa upasuaji Thomas Starzl wa Marekani alihangaika miaka kupandikiza ini kwa mbwa ndipo 1963 akajaribu kwa binadamu kule Denver, mtoto wa miaka 3, akafia kwenye upasuaji kwa kutoka damu. Hadi 1967 ndo akapata wagonjwa walioishi zaidi ya mwaka. Daktari mwenzake Roy Calne wa Cambridge, Uingereza, alitumia nguruwe. Panya ukimkata theluthi mbili ya ini linarudi ukubwa wake ndani ya siku kama 10, na kwa sababu ini la mtu nalo linakua hivyo, ndugu mzima anaweza kukatwa kipande cha ini apewe mgonjwa. Hata sumukuvu yenyewe ilijulikana baada ya batamzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza 1960, walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. (Wewe unayechambua karanga, zile zenye ukungu usimsagie mtoto, tafadhali.)

Kama yanapandikizwa, si nitabadilishiwa tu?
Hili linaniumiza. Watu wanaona pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapahapa Dodoma, figo zinapandikizwa tangu 2018 wanadhani ini ni hivyohivyo. Figo zikifa kuna mashine ya kusafisha damu unasubiri nayo hata miaka, ini halina mashine ya hivyo. Wagonjwa wetu wanaopandikizwa wengi wanaenda India, pesa ndefu, umpate wa kukupa kipande, halafu dawa za kuzuia mwili usilikatae unameza maisha yako yote. Na ukifika umechelewa sana, mwili umechoka, hata huo upasuaji huuwezi.

Nikinywa mizizi kwanza siku chache nione?
Hapana. Macho ya njano, hospitali leo.

Lakini jirani alipona nayo.
Homa ya ini A inaisha yenyewe kwa watu wengi, jirani angepona hata kwa uji. Wewe hujui yako ni ipi mpaka upimwe, kwa hiyo hapana, nenda hospitali leo. Hiyo chupa hakuna aliyeijaribu hata kwa panya, na kinachoipokea ni ini lilelile linaloumwa.

Nimeshakunywa, nifanyeje?
Acha sasa hivi, njoo nayo. Usiifiche kwa kuogopa kugombezwa, mpe daktari aione, mwambie umekunywa lini na kiasi gani, hata kama mama mkwe kakaa pembeni.