Si kila kinachofukiwa ni kitunguu: dhana potofu kuhusu maua ya majira ya joto

Gladiola, dalia, lilia, begonia na kana huuzwa pamoja, katika mifuko inayofanana, chini ya jina moja la "vitunguu vya maua". Makosa mengi ya upandaji yanaanzia kwenye jina hilo. Kati ya hao watano, lilia peke yake ndiyo kitunguu halisi, chenye magamba manene yanayopishana. Gladiola ina kormu, yaani shina fupi lililovimba. Ukilikata hukuti tabaka. Dalia ina mizizi iliyonenepa. Begonia za kundi hili zina kiazi cha shina, na kana ina rizomu inayotambaa ardhini kama tangawizi. Kila kimoja kina mahali pake pa kuchipulia na sababu zake za kuoza au kukauka, kwa hiyo ushauri unaokifaa kimoja unaweza kukiua kingine.

"Vyote vinafukiwa kina cha mara tatu ya urefu wake"

Kwa lilia nyingi kanuni hii inafaa. Kitunguu chenye urefu wa sm 5 hukaa vizuri chini ya sm 15 za udongo, kwa sababu lilia hizo hutoa mizizi mingine kwenye shina, juu ya kitunguu, na mizizi hiyo husaidia kulilisha na kulishikilia shina refu. Ukipanda juujuu unaikosesha udongo, kisha maua yakishafunguka shina linalala. Lilia nyeupe ya Madonna, Lilium candidum, ndiyo inayokwenda kinyume: ifunike kwa sm 2 hadi 5 tu, la sivyo itakaa kimya.

Kormu za gladiola zipande sm 10 hadi 15 chini, zikiachana sm 10 hadi 15. Kwenye udongo wa kichanga tumia kina kikubwa zaidi, kwenye mfinyanzi kidogo zaidi. Rizomu za kana zilaze sm 8 hadi 10 chini. Begonia ndiyo huumia zaidi kwa kanuni ya mara tatu. Kiazi chake ni bapa, upande mmoja mviringo na mwingine umebonyea kama kisahani. Upande uliobonyea ndio wa juu, maana machipukizi hutokea humo, na ufunikwe kwa udongo mwepesi wa sm 2 hivi. Usimwagilie moja kwa moja kwenye kibonyeo hicho, maji yakituama humo kiazi huoza kabla hakijachipua.

Kama umegeuza juu kuwa chini usiogope sana. Chipukizi la lilia au gladiola kwa kawaida huzunguka na kutafuta mwanga, ila hutumia akiba ya chakula ambayo ingeenda kwenye ua. Ukiwa na kormu au kiazi usichojua juu yake ni wapi, kilaze ubavu.

"Kiazi chochote cha dalia kitaota"

Kiazi mviringo kina macho mwili mzima, na watu hudhani dalia iko hivyo. Haiko hivyo. Macho ya dalia yako sehemu moja tu, pale shingo za viazi zinapoungana na kitako cha shina la zamani. Kiazi kinene kilichokatika bila kipande cha kitako hicho kitatoa mizizi, kitakaa kibichi ardhini miezi kadhaa, na hakitachipua kamwe. Anayekinunua huulaumu udongo, kumbe jicho halikuwepo tangu mwanzo.

Unapogawa shina la dalia lenye viazi vyake, kila kipande kiwe na kiazi kimoja kizima, shingo isiyovunjika, na jicho. Macho yakiwa hayaonekani, weka shina zima mahali penye joto kwenye maranda yaliyoloweshwa kidogo kwa wiki moja au mbili. Yatavimba kama vipele vyekundu au vya kijani, na hapo utakata kwa uhakika. Ukubwa wa kiazi haubashiri ukubwa wa ua: kiazi kinene kama kidole gumba, chenye jicho zima, hutoa mmea wa kimo kamili.

Kwa gladiola pia, usidanganywe na upana. Kormu bora ni nene, iliyoinuka katikati. Ile pana na bapa mara nyingi ni ya zamani na ua lake huwa dogo. Lilia ndiyo inayofuata kile watu wanachoamini, kwa kuwa kitunguu kikubwa huwa na maua mengi zaidi katika shina lake.

"Ukishapanda, mwagilia sana"

Kiazi cha dalia kisicho na mizizi hakiwezi kunywa. Udongo ukiwa na unyevu wa kawaida siku ya kupanda, usiongeze maji mpaka chipukizi litokeze. Baada ya hapo, maji mengi ya mara moja yanayofika chini ni bora kuliko kunyunyizia kidogo kila jioni. Kana ni kinyume kabisa, hupenda unyevu wa kudumu na huvumilia hata udongo wa majimaji. Lilia nayo haina ganda kavu la kuikinga kama kitunguu cha jikoni, hivyo haipumziki kikamilifu na haipaswi kukauka. Ipande siku unayoipata. Ikikaa mezani wiki tatu magamba hulegea na nguvu hupotea.

Joto la udongo lina uzito kuliko tarehe. Subiri udongo ufike nyuzi 13 hadi 15 za Selsiasi kwa dalia, na zaidi kidogo kwa kana na begonia. Kupanda mapema katika udongo baridi wenye maji hakukupatii maua ya mapema. Kunakupatia viazi vilivyolainika, kwa kuwa kuvu huanza kazi kabla ya mizizi.

"Weka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke"

Hii ndiyo dhana iliyozama mizizi kuliko zote. Chukua sifongo, uiloweshe, kisha uishike juu. Maji yatadondoka, halafu yatakoma, na sehemu ya chini ya sifongo itabaki imejaa. Udongo wa chungu hufanya vivyo hivyo. Daima kuna tabaka la chini lililoshiba maji, na unene wake hutegemea aina ya udongo. Maji hayahami kwa urahisi kutoka kwenye matundu madogo ya udongo kwenda kwenye mapengo makubwa ya kokoto, hadi udongo ulio juu yake uwe umejaa kabisa. Kwa hiyo kokoto za sm 5 hulipandisha tabaka hilo la maji sm 5 juu, karibu zaidi na viazi vyako, na kupunguza nafasi ya mizizi.

Kinachosaidia ni mashimo ya kutosha kitakoni, kipande cha wavu juu yake ili udongo usimwagike, na mchanganyiko mwepesi kutoka juu hadi chini: sehemu 2 za mboji nzuri iliyochekechwa kwa sehemu 1 ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) au mchanga wa chembe kubwa. Udongo wa bustanini peke yake hushindiliwa kwa kila umwagiliaji, na baada ya wiki chache mizizi hukosa hewa. Inua chungu kidogo kwa vijiti au vipande vya tofali, na usiache maji kwenye kisahani.

Kuhusu ukubwa: lilia tatu zinatosha katika chungu chenye upana wa sm 25 hadi 30 na kina kisichopungua sm 30. Dalia fupi hukaa peke yake katika chungu cha sm 30. Dalia ndefu hutaka chombo cha lita 30 au zaidi pamoja na mti wa kuegemea. Mti huo usimike siku ya kupanda, kwa sababu ukichomekwa baadaye hutoboa viazi usivyoviona. Begonia moja hutosheka na chungu cha sm 15 hadi 20, mahali penye kivuli chepesi. Joto likizidi, vyungu huweza kuhitaji maji kila siku, nayo maji hayo huondoka na virutubisho. Vichipukizi vya maua vikianza kuonekana, toa mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi kila baada ya wiki 2.

"Tia unga wa mifupa kila shimo"

Unga huo hutoa hasa fosforasi, kitu ambacho udongo wa bustani nyingi tayari unacho cha kutosha. Katika udongo wa alkali hauyeyuki vya kutosha hata umfae mmea, na harufu yake huita mbwa kufukua. Naitrojeni nyingi nayo ni hasara: dalia iliyotiwa samadi mbichi huwa kichaka kizuri cha majani, maua machache, na viazi laini vinavyooza ghalani.

"Kukata maua kunadhoofisha mmea"

Inategemea unakata nini. Dalia hufurahia kukatwa. Ikifikisha jozi 3 au 4 za majani, bana ncha ili itoe matawi, kisha kata maua kila mara nayo itaendelea kutoa mengine. Kata ua lililokwisha kufunguka karibu lote, kwa kuwa kichipukizi kilichofumba hakifunguki ndani ya maji. Gladiola hukatwa mapema, maua 1 au 2 ya chini yakianza kuonyesha rangi, na yaliyobaki hufunguka kwenye chombo. Lakini acha angalau majani 4 ardhini. Kormu uliyoipanda hunyauka na mpya hujengwa juu yake kila msimu, na majani hayo ndiyo wajenzi. Kwa lilia usiondoe zaidi ya theluthi moja ya shina.

Gladiola haitoi maua mara ya pili kwa msimu. Huchukua takriban siku 70 hadi 100 tangu kupandwa, kulingana na aina, hivyo atakaye maua ya muda mrefu apande mafungu kila baada ya wiki 2. Majani yasikatwe wala kufungwa mafundo maua yakiisha. Yaache yapate jua mpaka yawe manjano yenyewe.

Na kwa mwenye paka: lilia na lilia za siku moja, yaani Hemerocallis, ni sumu kali kwake. Jani, chavua iliyomdondokea manyoyani akailamba, hata maji ya chombo cha maua, huweza kuua figo zake. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, bila kusubiri dalili.

"Gladiola zangu zimebadilika rangi"

Hazikubadilika. Katika mchanganyiko wa rangi, aina zenye nguvu huzaa vikormu vingi na aina dhaifu hufa polepole. Baada ya miaka kadhaa unabaki na rangi moja au mbili zilizoshinda. Ukitaka kulinda rangi uipendayo, iwekee alama inapochanua na uihifadhi kando. Vikormu vidogo vinavyoizunguka huhitaji miaka 2 hadi 3 kabla ya kutoa ua.

"Weka vyote kwenye friji"

Kipindi cha baridi ni hitaji la tulipu, na lilia nazo hufaidika nacho. Dalia, kana na begonia hazihitaji, na zikiganda hufa. Mahali pasipo jalidi zinaweza kubaki ardhini mwaka mzima, mradi udongo hautuamishi maji wakati zimelala. Penye jalidi, zing'oe.

Dalia: kata shina likibaki sm 10 hadi 15, kausha siku chache kivulini, kisha funika kwa maranda au vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) yenye unyevu hafifu, nyuzi 4 hadi 7. Kana huridhika na nyuzi 7 hadi 10. Gladiola hukaushwa mahali penye joto na hewa kwa wiki 2 au 3, mpaka kormu kuukuu ibanduke kwa mkono, halafu huhifadhiwa katika mifuko ya wavu kwenye nyuzi 2 hadi 5, joto ambalo pia hukomesha vithiripi, wadudu wadogo sana wafyonzao utomvu, wanaojificha chini ya maganda. Usitumie mifuko ya plastiki iliyofungwa, wala usiziweke karibu na matunda yanayoiva, kwa kuwa gesi yake huharibu machipukizi. Kagua mara moja kwa mwezi. Kiazi kilichosinyaa kinyunyizie maji kidogo. Kilicholainika kata sehemu mbovu hadi penye nyama nyeupe, na kama uozo umefika shingoni, kitupe.