Kwa nini lenzi ya jicho la samaki hupinda mistari, na utaizoeaje?

Ukipiga mbizi mahali penye maji matulivu na maangavu, geuka chali utazame juu. Hutaona uso wote wa bahari ukimetameta. Utaona duara moja la mwanga, na ndani yake zimo mbingu zote, ngalawa iliyotia nanga pembeni, hata minazi ya ufukweni iliyobanwa ukingoni. Nje ya duara hilo ni giza la kijani. Dirisha hilo lina upana wa nyuzi 97 hivi, ila limebeba nyuzi 180 za ulimwengu wa juu, kwa sababu mwanga unapoingia majini hupinda.

Hapo ndipo lilipotoka jina la lenzi ya jicho la samaki, lenzi ya kamera inayoona kwa upana mno. Mwaka 1906 mwanafizikia Mmarekani, Robert W. Wood, alitaka kujua samaki huuonaje ulimwengu wa nchi kavu. Akatia bamba la picha, yaani kioo cha kunasia picha, ndani ya chombo, akakijaza maji, akapiga picha kupitia maji hayo. Kwa hiyo samaki wa watu anasingiziwa tu: kilichopinda ni maji, si jicho lake. Mwaka 1924 Mwingereza Robin Hill, yule yule ambaye wanabiolojia wanamjua kwa kazi yake juu ya usanisinuru, alieleza lenzi ya vioo vitupu, bila tone la maji, iliyoweza kunasa anga lote kwa picha moja. Shabaha yake ilikuwa mawingu. Wapiga picha wa sanaa na wa magazeti waliivamia baadaye sana.

Sasa, kwa nini ipinde? Chukua nusu ya ganda la chungwa ujaribu kulilaza juu ya meza. Ama litapasuka, ama utalivuta kingo. Ulimwengu unaokuzunguka ni kama ganda hilo, na picha ni bapa kama meza. Lenzi ya kawaida imeapa kwamba ukuta ulionyooka utabaki umenyooka, na ili itimize kiapo hicho huvuta vitu vya pembeni. Kadiri unavyotaka kuona kwa upana ndivyo mvuto unavyozidi, na ukifika nyuzi 180 ungehitaji picha isiyo na mwisho. Lenzi ya jicho la samaki imevunja kiapo. Inakubali mistari ipinde ili kila kitu kienee.

Lakini si kila mstari. Ule unaopita katikati kabisa ya fremu haupindi hata kidogo, na mimi naona hilo ndilo somo lenyewe. Mengine ni mazoezi. Simama ufukweni, weka upeo wa bahari katikati: umenyooka kama kawaida. Inamisha kamera kidogo, upeo upae hadi sehemu ya juu ya fremu, nao utavimba kama mgongo wa nyangumi. Inua kamera, upeo ushuke chini ya katikati, utabonyea kama bakuli. Cheza hivyo nusu saa, bila kutafuta picha nzuri, mpaka mkono ujue wenyewe.

Jambo la pili ni umbali. Lenzi hii husukuma kila kitu mbali. Mtu aliye hatua nne mbele yako anakuwa kama punje, na picha nyingi za wanaoanza ni uwanja mkubwa usio na kitu. Sogea. Ukidhani umesogea vya kutosha, sogea tena, mpaka uone haya. Ila kama ni uso wa mtu, jua kwamba pua itatangulia kufika. Na kwenye picha ya pamoja ya harusi usithubutu: wa mwisho kwenye safu watatoka vichwa kama maembe, na shangazi wa pembeni hatakusamehe.

Picha zangu za mwanzo zilijaa viatu vyangu. Vingine vitakavyoingia bila kualikwa ni vidole, kivuli chako, miguu ya stendi ya kamera na jua. Kioo cha mbele kimetuna nje, kwa hiyo kichujio cha kufunga kwa skrubu hakikai, na kidole hugusa kioo hicho kwa urahisi. Funika kila umalizapo.

Kabla ya kununua, jua kwamba zipo za aina mbili. Kwa kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) kubwa ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 8 (huo ni urefu wa fokasi, namba iliyoandikwa kwenye lenzi) hutoa duara katikati ya weusi. Ya milimita 15 au 16 hujaza fremu yote, na nyuzi zake 180 ni za kona hadi kona. Ukiifunga hiyo ya pili kwenye kamera ya sensa ndogo, kingo hukatwa na utamu wenyewe unapotea. Huko tafuta ya milimita 10 hivi.

Inapendeza wapi? Chini ya mbuyu, ukilenga juu. Chini ya kuba la msikiti, ukiruhusiwa. Watafiti wa misitu huilaza chini, ikitazama juu, ili wapime majani yamefunika anga kwa kiasi gani.

Na kama mfuko haujaruhusu, kile kitundu cha kuchungulia wageni mlangoni kinafanya kazi kwa wazo hilo hilo. Bandika kamera ya simu pale, umwambie mtoto asimame nje na kusogeza pua.