Mchoro au Picha ya Rangi? Swali Linaloanzia Kwenye Fomu

Fomu ya kupokelea kazi za sanaa ina kisanduku kimoja kinachotusumbua kuliko vyote: "Aina ya kazi". Ikija turubai ya rangi za mafuta, tunajaza bila hata kuinua kichwa. Ikija karatasi yenye penseli, vilevile. Kasheshe huanza ikija pasteli, na juzi ilikuja moja.

Pasteli ni vijiti vya rangi kavu. Hushikwa kama chaki na huacha mistari kama chaki, lakini msanii akizidi kusugua, karatasi yote humezwa na mbele yako inabaki picha nzito unayoweza kudhani ni ya mafuta. Mchoraji Mfaransa Edgar Degas alifanya nyingi za namna hiyo, na hadi leo baadhi ya makumbusho huziweka pamoja na michoro, mengine huziweka pamoja na picha za rangi.

Huu si ubishi wa watu wasio na kazi. Kisanduku kile ndicho kinachoamua kitu kitakaa wapi na umma utakiona kwa muda gani. Kazi za karatasi kwa kawaida huoneshwa kwenye mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga), maana mwanga mwingi huziharibu; ndiyo sababu vyumba vyake huwa na kiza-kiza, kisha hurudishwa drooni zikapumzike. Picha ya mafuta yaweza kukaa ukutani miaka nenda miaka rudi.

Kiswahili nacho hakituokoi. Anayetumia penseli anachora, anayepaka turubai anachora, wa hina anachora, wa ramani ya nyumba anachora, na mwanafunzi mwenye mwandiko mbaya huambiwa, "Hapa hujaandika, umechora." Hata hivyo, kamusi za zamani zinaanza na maana nyingine ya neno "chora": kukata nakshi au alama juu ya kitu kigumu, kwa ncha. Naipenda maana hiyo, kwa sababu ndani yake mna vitu viwili tutakavyovihitaji mbele: mkono unaopita, na uso unaopitiwa.

Wengi wakiulizwa mchoro ni nini hutaja kifaa: kazi ya penseli juu ya karatasi. Haifiki mbali. Penseli ya mchanganyiko wa grafaiti na udongo, jamaa wa hii tunayochonga leo, ilibuniwa na Nicolas-Jacques Conté huko Ufaransa mwaka 1795. (Na ile tunayoiita kalamu ya risasi haina risasi hata chembe.) Lakini Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, alijichora mwaka 1484, akiwa na miaka 13, kwa ncha ya fedha juu ya karatasi iliyotayarishwa maalumu, alama ambayo haifutiki kirahisi ukikosea. Hakuna anayethubutu kusema ule si mchoro.

Basi wengine husema: mchoro ni mstari. Hapa ndipo inapofaa kumtazama mchoraji Mfaransa Georges Seurat. Katika miaka ya 1880 alichora kwa kijiti cheusi chenye mafuta kiasi, juu ya karatasi yenye uso wa mabonde na vilima vidogo mno. Kijiti kilipopita kwa ulaini kiligusa vilele tu. Mabonde yakabaki meupe. Tafuta mstari kwenye kazi zake bora za namna hiyo, huuoni. Mwanamke anatokea gizani kama mtu anayekaribia kwenye ukungu, bila ukingo wowote uliochorwa kumzunguka. Ukisogeza kikuza-macho unaona punje nyeusi na matundu meupe, basi. Nayo ni michoro, tena miongoni mwa mikubwa.

Mimi naanzia kwenye yale matundu. Fanya jaribio dogo. Chukua karatasi nyeupe, chora yai kwa mstari mmoja mwembamba, usijaze kitu ndani. Sasa litazame. Weupe wa ndani na weupe wa nje ni karatasi ileile, lakini jicho linakataa. Ndani pamevimba, pamekuwa pagumu. Nje pamegeuka hewa. Weupe ule hukuupaka wewe, umeuajiri tu. Kwa hiyo fasili ninayoitetea ni hii: mchoro ni alama za makusudi zinazouacha uso uliozibeba uendelee kufanya kazi. Katika picha ya mafuta turubai kwa kawaida hufunikwa na kusahaulika. Katika mchoro karatasi ni mshirika.

Hayo "makusudi" yana uzito wake, la sivyo njia ya konokono ukutani nayo ingekuwa mchoro. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kilipatikana kipande cha jiwe chenye urefu wa sentimita 4 hivi, na juu yake mistari myekundu: sita inakwenda sambamba, mitatu yenye kupinda kidogo inaikata. Kina umri wa miaka 73,000 hivi. Watafiti waliotangaza habari zake mwaka 2018 walijaribu kuiga alama hizo kwa njia mbalimbali, wakahitimisha kuwa zilitiwa kwa kipande cha udongo mwekundu kilichochongoka. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mistari inakatika ghafla kwenye kingo za jiwe. Maana yake iliendelea, na tulichonacho ni kipande tu cha mchoro mkubwa zaidi.

Kudumu si sharti. Wachokwe wa Angola huchora mchangani kwa vidole michoro iitwayo sona, mistari ikizunguka nukta huku hadithi ikisimuliwa, kisha mchanga hufutwa. Kuongeza kitu si sharti pia: mistari ya Nazca huko Peru, michoro mikubwa ya kale iliyo ardhini, ilipatikana kwa kuondoa mawe meusi ya juu ili ardhi yenye rangi nyepesi zaidi ionekane. Na mwaka 1953 msanii wa Marekani Robert Rauschenberg alimwomba msanii mwenzake, Willem de Kooning, mchoro kwa ajili ya kuufuta. De Kooning akampa kusudi ule ambao ungemtoa jasho. Ilichukua wiki kadhaa za kusugua kwa raba, na karatasi yenye vivuli hafifu iliyobaki iko makumbusho ya sanaa ya kisasa ya San Francisco. Wapo wanaoiita mzaha. Mimi naiita mchoro, kwa shingo upande, kwa sababu uso pale unafanya kazi yote.

Kompyuta haijaleta utata mkubwa kama inavyodhaniwa. Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alishachora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga mwaka 1963, na mkono ulikuwa mkono uleule.

Tuirudie pasteli yetu. Tuliishika kwenye mwanga wa pembeni tukaikagua kipande kwa kipande. Rangi ilikuwa imejaa kila mahali, na mwenzangu alikwishaanza kuandika "picha ya rangi" alipofika chini ya kidevu. Pale, upana wa kucha mbili, karatasi ya kijivu ilikuwa haijaguswa, nayo ndiyo iliyokuwa kivuli cha shingo. Nikaandika "mchoro", tukaiingiza drooni. Mwenzangu bado hajakubali.